Maharage tunayomficha mgeni

Chukua orodha ya vyakula ya hoteli yoyote ya wastani mjini Gitega uisome kuanzia juu. Utakuta mishikaki ya mbuzi, ambayo sisi huku tunaiita burusheti. Kuku wa kukaanga na kuku wa mchuzi. Nyama ya ng'ombe. Mukeke au sangala waliopandishwa milima kutoka Ziwa Tanganyika. Kimanda cha mayai. Chini kabisa zimeandikwa ndizi za kukaanga, chipsi na wali. Ukishasoma, zunguka nyuma ya jengo wakati wa chakula cha mchana. Wapishi, wahudumu na mlinzi wamekalia kreti za bia, wanakula maharage na ndizi zilizopikwa sufuria moja. Mawese yameacha rangi ya machungwa hadi kwenye ukingo wa sahani, na kando lipo parachichi lililopasuliwa kwa kisu cha vitunguu. Chakula hicho hakimo kwenye orodha. Mgeni akikiomba, mhudumu atatabasamu kwa adabu, halafu ataenda kumuuliza bosi kama inaruhusiwa.

Simlengi mtu. Ndivyo ilivyo Gitega, ndivyo ilivyo kwetu Muyinga, na sidhani kama Ngozi au Rumonge wametuzidi. Hoja yangu ni hii: msafiri asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa ndiye mgeni ambaye nchi hii ingeweza kumlisha vizuri kuliko wageni wote, na ndiye tunayemlisha ovyo kuliko wote. Anashindia chipsi tangu anafika hadi anaondoka, akifika kwao anasimulia kwamba Burundi hakuna chakula cha watu wa aina yake. Na usiku huo huo aliolala na chipsi zake, nchi nzima, kuanzia Cankuzo hadi Cibitoke, imelala na maharage tumboni.

Jambo hili lilinikaa kichwani baada ya kutembelewa na binti wa binamu yangu pamoja na mumewe. Binamu yangu alivuka kwenda Rwanda mwaka 1972, mwaka wa mauaji makubwa hapa kwetu, akiwa mgongoni mwa mama yake. Ni mwaka ule ule ambao Ntare V, mwami wetu wa mwisho, yaani mfalme, aliuawa Gitega. Mwaka 1994 Rwanda nayo ikawaka, wakakimbia tena, safari hii hadi wilaya ya Ngara, Tanzania. Ukisimama kwenye kilima kirefu cha mashariki ya Muyinga, vilima vya Ngara unaviona kwa macho. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ikaanza kuwapokea wakimbizi wa 1972 waliokuwa kambini Tanzania bila pa kurudi, na familia ile ikajikuta katika jimbo la Georgia. Binti amekulia huko. Anasema Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha kambini, na mimi ananiita baba mdogo. Mumewe ni Mmarekani mweusi ambaye kwao ni pwani ya South Carolina, karibu na mji wa Charleston. Wote wawili hawali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama.

Aliponiarifu kwa simu, kitu cha kwanza kilichonijia ni aibu ya mwenyeji. Mbuzi nilikuwa nimeshamuona sokoni na bei tumeshapatana. Mgeni wa Marekani, mtoto wa ndugu yangu, harudi kwao bila kuchinjiwa! Majirani wangesemaje? Mke wangu ndiye aliyenituliza: "Watoto wamesema hawali. Kwani huyo mbuzi unamchinjia nani?"

Tulianza na Gitega, kwa sababu walitaka kuona mji wa historia. Na Gitega ni mji wa historia kwelikweli, hata kama barabara zake bado zina vumbi. Wajerumani walihamishia makao yao hapo mwaka 1912. Rwagasore, shujaa wa uhuru, alizaliwa hapo mwaka 1932. Makumbusho ya Taifa yapo tangu 1955. Mwaka 2019 sheria ikaurudishia mji hadhi ya makao makuu, na Bujumbura ikabaki na bandari na biashara. Makumbusho yenyewe utayamaliza kabla chai yako haijapoa: mikuki, vikapu, vyungu, vyombo vya maziwa vya kuchonga, vitu vya ikulu ya wami. Mgeni akiyaangalia haraka ataondoka na picha moja tu, kwamba huu ulikuwa ufalme wa ng'ombe. Hatakuwa amekosea sana. Kwetu hata salamu ya zamani ilikuwa ya kumtakia mtu mifugo. Ng'ombe ndiye aliyeoa, ndiye aliyelipa fidia, ndiye aliyemfunga mdogo kwa mkubwa.

Lakini mwendo mfupi nje ya mji, kama kilomita 7, kuna Gishora, kilima cha ngoma. Mwami Mwezi Gisabo alikianzisha baada ya kumshinda mwasi aliyeitwa Ntibirangwa, na wapigaji wa leo wanasema wamerithi kazi hiyo kwa damu. UNESCO iliuandikisha mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Kuna ngoma mbili zinazoheshimiwa hapo kuliko nyingine zote, Ruciteme na Murimirwa, na majina yote mawili ni ya kazi ya shamba: moja ni ya kufyeka, nyingine ya kulima. Hazikupewa majina ya ng'ombe wala ya vita.

Mkwe wetu alikaa mbali kidogo ngoma zilipoanza. Mwili wa ngoma ni mti, umuvugangoma, ule ambao vitabu vya miti vya Kiswahili vinauita mringaringa. Ngozi yake, hata hivyo, ni ya ng'ombe, imebanwa kwa vigingi vya mti kuzunguka mdomo. Mtu aliyeacha mkanda na viatu vya ngozi afanye nini mbele ya ngozi inayopigwa kwa fimbo na watu wanaorukaruka mita nzima hewani? Binti alimtazama, akacheka, akamwambia kwa Kiingereza neno ambalo sikulinasa. Baadaye nikaona kijana wa watu anapiga makofi kama sote. Sikumuuliza. Kuna maswali ambayo mwenyeji hamuulizi mgeni wake.

Nilichomsimulia njiani tukirudi ni umuganuro, na hili ndilo ningependa waongozaji wa watalii wa Gitega walishike. Sherehe kubwa kuliko zote ya ufalme wa Burundi haikuwa ya ng'ombe. Ilikuwa ya mtama. Kila mwaka, karibu na Desemba, mwami alibariki mbegu za mtama na kufungua msimu wa kupanda. Ngoma takatifu Karyenda ilitolewa, na ikulu, makuhani na watu wa vilimani wote wakawa wanangojea nafaka ile ndogo yenye rangi ya kutu. Mamlaka ya mwami ilithibitishwa hapo: mwami ambaye mtama wake haukuota alikuwa na matatizo makubwa kuliko mwami aliyepoteza vita. Wabelgiji waliielewa nguvu hiyo vizuri, ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaizima sherehe yenyewe. Sasa niambie, mji wenye historia kama hiyo unashindwaje kumwekea mgeni bakuli la uji wa mtama asubuhi? Nilitafuta. Nilipata mkate mweupe, majarini na nescafe.

Wala kujinyima hakujaletwa na Wazungu. Wazee wetu walikuwa na miiko ya chakula mingi kuliko msafiri yeyote wa leo. Nyama ya kondoo wengi hawakuigusa, na aliyeila alidharauliwa. Ilikuwapo miiko ya maziwa pia: ukishakunywa maziwa, siku hiyo huli njegere wala karanga, usije ukamdhuru ng'ombe. Leo Mkatoliki wa Gitega anaacha nyama Ijumaa za Kwaresima. Wasabato hufundishana kwamba chakula cha mimea ndicho bora. Na sisi Waislamu wa Muyinga hatumshangai mtu anayeuliza mara mbili kilichomo ndani ya sufuria, kwa sababu sisi wenyewe tunauliza kila tunapokula ugenini. Kwa hiyo mpishi wa Kirundi anayesema "hawa wageni wana mambo" anasahau kwamba bibi yake alikuwa na mambo zaidi.

Kutoka Gitega tulikwenda Muyinga kupitia Karuzi. Barabara inashuka, inavuka Ruvubu, halafu inapanda tena katikati ya migomba na maharage yaliyotambaa kwenye miti. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, kama ilivyo desturi ya nchi yetu miaka hii, kwa hiyo tulisafiri tumebanana, na kwenye vituo tulikaa muda wa kutosha kununua kila kilichokuja dirishani: ndizi mbivu, marakuja, mahindi ya kuchoma, karanga kwenye kikaratasi. Binti aliniambia huo ndio mlo bora aliokula tangu ashuke kwenye ndege. Nilimwamini, na iliniuma.

Muyinga si mji wa watalii. Tangu mageuzi ya mwaka 2025 tumo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, na anayepita huku mara nyingi anaelekea mpaka wa Kobero, kwenye foleni ya malori ya Tanzania. Lakini ni mji wa Kiswahili, mji wa misikiti na mama ntilie, na mgeni anayejua Kiswahili hapotei. Chakula chetu na cha upande wa pili ni kimoja. Sehemu ya Ngara iitwayo Bugufi ilikuwa ya ufalme wa Burundi, hadi Waingereza na Wabelgiji walipogawana makoloni ya Mjerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka ulikata ukoo, haukukata sahani.

Niliwapeleka kwa mama mmoja ambaye mgahawa wake ni chumba kimoja, meza tatu na jiko la nje. Anapika isombe kwa namna ninayoipenda: kisamvu kinatwangwa mpaka kilainike kabisa, kinachemshwa muda mrefu bila haraka, vitunguu na intore, zile nyanya chungu, vinafuata, na mwishoni mawese. Mkwe wetu alinusa, akafurahi, kisha akaniomba nimuulize.

"Mama, hii ina nyama?"

"Hapana, mzee. Nyama leo hatukununua."

"Na samaki?"

"Samaki hamna."

"Kweli hamna kitu kingine?"

"Ni isombe tu, mzee." Akafikiri kidogo. "Na indagala. Kidogo tu, za kuleta ladha."

Indagala ni dagaa wa Tanganyika. Kwa mama yule dagaa waliokaushwa na kusagwa si nyama wala si samaki, ni kiungo, wa jamii moja na chumvi. Hakudanganya hata kidogo. Na hapa ndipo msafiri wa mimea anapoangukia katika Burundi yote: kwenye unga wa dagaa ndani ya isombe na kwenye kipande cha mchuzi wa supu, chenye picha ya kuku, kinachovunjwa ndani ya maharage. Burusheti anaiona kwa mbali na kuikwepa. Ushauri wangu kwa anayekuja ni kuitaja indagala kwa jina lake, na kukitaja kile kipande kwa jina lake. Ukiuliza kwa jumla utajibiwa kwa jumla.

Nilitegemea kijana atakasirika. Badala yake alicheka mpaka akashika meza. Akaeleza kwamba kwa bibi yake huko South Carolina ni vivyo hivyo. Pale wanapika majani mapana yanayofanana na sukuma wiki, na ukiuliza kama kuna nyama unaambiwa hamna, halafu ukikoroga sufuria unakuta mfupa wa nguruwe wa moshi chini. Kunde na wali wanaokula siku ya Mwaka Mpya ili kuvuta bahati, nao una kipande cha nguruwe. Watu wasioweza kununua nyama, alisema, huinunua harufu yake.

Nimeyatafakari sana maneno hayo, kwa sababu yanausema ukweli wa Muyinga kuliko hotuba nyingi nilizozisikia juu ya lishe. Charleston ni mji ambao Wamarekani wanakwenda kuutalii kwa sababu ya historia yake: nyumba za kale, bustani, farasi wanaovuta watalii. Ilikuwa pia bandari iliyopokea watumwa wengi kuliko nyingine yoyote ya Amerika Kaskazini, na mwaka 2023 yalifunguliwa makumbusho ya Wamarekani wenye asili ya Afrika penye gati lile lile walikoshushwa. Waliokuja kwenye meli zile walikuja na ujuzi wa mpunga, na pamoja nao zikaja kunde, bamia na ufuta. Leo mgeni asiyekula nyama akienda Charleston, chakula kinachomwokoa ni kile cha wajukuu wa watumwa, ukishautoa mfupa. Na mikahawa ya kule imeshagundua hilo. Kilichokuwa chakula cha vibanda vya nyuma kimepanda hadi kwenye orodha, na bei yake imepanda nacho.

Sisi upande wetu tulipokea. Maharage, mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, hata hilo parachichi: vyote asili yake ni Amerika, vilivuka bahari kwa mkono wa Mreno na wengineo, kisha vikapanda taratibu hadi kwenye vilima vyetu na kuusukuma mtama pembeni. Sahani ya Mrundi wa leo, ukitoa ndizi, mawese na mboga za majani, sehemu kubwa ni mazao ya Amerika. Binti alikuwa amesafiri kutoka Georgia kuja kula vitu vilivyotoka bara analoishi. Na kule Georgia, mjini Decatur karibu na Atlanta, wanawake wa Kirundi waliofika kama wakimbizi walianzisha shamba wakaliita Umurima wa Burundi, wakapanda mboga walizozijua kwao. Huko hakuna aliyewaambia kwamba lengalenga, mchicha wetu, ni chakula cha aibu.

Kwa nini basi sisi tunakificha? Jibu la haraka ni ukarimu: mgeni hupewa kilicho adimu, na adimu kwetu ni nyama. Hilo ni kweli, lakini halimalizi. Tunakificha pia kwa sababu maharage yametuandama. Tulikula maharage shuleni asubuhi na jioni, yenye vijiwe. Waliokuwa kambini walikula maharage ya mgao. Askari anakula maharage, mfungwa anakula maharage. Mtu akipata kazi yenye mshahara, dalili ya kwanza ni kwamba anaagiza burusheti barabarani ambapo watu wanamwona. Warundi ni miongoni mwa watu wanaokula maharage mengi zaidi duniani, na sijui taifa jingine linaloyaonea haya kiasi hiki.

Kuna wenzangu wanaonipinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema: unataka kuupamba umaskini uuzwe kwa watalii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Nchi ya namna hiyo itasifiwaje kwa kutokula nyama?

Haisifiwi. Ningekuwa wa kwanza kumfukuza mgeni mezani kwangu akianza kuniambia kwamba sisi tumebarikiwa kwa kuishi kwa mimea. Mtoto wa Muyinga anahitaji yai, anahitaji maziwa, anahitaji dagaa wale wale wa mama wa mgahawa, na zaidi ya yote anahitaji mafuta na sahani iliyojaa mara ya pili jioni. Aliyeacha nyama kwa hiari akiwa ameshiba, na aliyeikosa, hawa si wa kundi moja hata wakikalia benchi moja na kula sahani moja. Binti wa binamu yangu analijua hilo bila kuambiwa. Utotoni aliishi kambini, anakumbuka mgao ulipopunguzwa. Mumewe alikuwa na busara ya kunyamaza. Lakini hoja ya kudumaa ni hoja dhidi ya njaa, si dhidi ya maharage. Tena, ikiwa chakula kinachopikwa nyuma ya jengo kitaanza kuuzwa mbele yake, fedha itakwenda kwa nani? Itakwenda kwa mkulima wa kilima cha jirani anayelima maharage, muhogo na lengalenga. Kuku wa mgahawani anaweza kuwa ametoka mbali. Lengalenga zimetoka hapo mtaa wa pili, asubuhi ya leo.

Wahabeshi wametutangulia, na wala hawakutumia ujanja wowote. Kanisa lao la Orthodox lina siku nyingi za kufunga, zaidi ya nusu ya mwaka kwa wacha Mungu, na siku hizo hakiliwi chochote cha mnyama. Basi kila mgahawa wa Addis Ababa una sinia la mfungo: injera, mkate wao mpana, chini, juu yake dengu, njegere za unga, kabichi, viazi sukari, kila kimoja kwenye fungu lake. Sinia hilo lina jina, beyaynetu, na jina hilo liko kwenye orodha. Wahabeshi walipohamia Washington na miji mingine ya Marekani hawakubuni chakula cha watu wasiokula nyama. Walikibeba cha kwao cha Jumatano na Ijumaa, wakakiwekea bei. Leo Mmarekani wa mimea akifika mji asioujua, anatafuta mgahawa wa Kihabeshi. Injera ya teff, nafaka yao, haina utukufu wowote kuuzidi mtama wetu.

Kwa hiyo ninachowaomba wenye hoteli wa Gitega, na wachache tulio nao Muyinga, si mradi wala semina. Naomba sinia moja liandikwe kwenye orodha, lipewe jina la Kirundi lisiloomba radhi. Liwe na maharage na ndizi kwa mawese, isombe ya karanga isiyo na indagala, lengalenga, fungu la intore kwa wanaopenda uchungu, parachichi, na ugali wa mtama panapopatikana mtama. Baada yake marakuja, au zile nyanya nyekundu za mti tunazoziita ibinyomoro. Mwenye kunywa ataongezewa urwarwa, pombe ya ndizi, au impeke ya mtama kwa mirija yake. Mimi hapo siwasindikizi. Na mwongozaji wa Gishora, akishamaliza habari za ngoma, aongeze dakika za kusimulia umuganuro, mgeni ashuke mjini akiwa na hamu ya kula alichokisikia.

Mwenye hoteli mmoja niliyemweleza haya alinisikiliza vizuri, akauliza swali la mfanyabiashara: "Sasa hayo maharage nitayauza bei gani? Mtu atakubali kulipa bei ya burusheti kwa maharage?" Nilimwambia afanye hesabu ya makaa. Mshikaki unaiva mteja akiwa bado anavuta kiti. Maharage makavu yanataka kulowekwa usiku na kukaa motoni saa kadhaa. Isombe inataka mtu wa kutwanga. Kazi iliyomo ndani ya sahani hiyo inazidi ya mbuzi, ila tumezoea kutoihesabu kwa sababu anayeifanya ni mwanamke na malipo yake ni mshahara wa mwezi usiobadilika. Hakujibu. Akasema tatizo ni kwamba wageni wasiokula nyama wanapita mara chache, sufuria itamwozea. Nikamkumbusha kwamba tangu Gitega iwe makao makuu ana watumishi wa serikali kutoka Bujumbura wanaolala kwake wiki nzima, mbali na wake zao na majiko yao, wamechoshwa na kuku. Aliandike sinia hilo kwa ajili yao, asubiri mwezi mmoja, ahesabu.